Calicut si jina la mkoloni

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napitia makala ya historia ya kijana wetu mmoja wa chumba cha habari. Nikakwama kwenye sentensi hii: "Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa pale, akafika Kozhikode." Nikakata Kozhikode, nikaandika Calicut. Nakala iliporudi mezani kwangu, Calicut imekatwa, Kozhikode imerudi, na pembeni kuna maneno ya wino mwekundu: "Mzee, Calicut ni jina la kikoloni. Wahindi wenyewe wamelifuta."

Sikukasirika. Mwandishi asiyeweza kumkatalia mhariri wake atamkatalia nani? Hoja yake, ukiisikia mara ya kwanza, inaingia akilini. Bombay imekuwa Mumbai tangu 1995. Madras ikawa Chennai mwaka uliofuata. Calcutta ikawa Kolkata 2001. Huko Kerala, kusini-magharibi mwa India, Trivandrum imerudi kuwa Thiruvananthapuram, Cochin ni Kochi, Quilon ni Kollam, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 Calicut ni Kozhikode kwenye karatasi za serikali. Bunge la jimbo lenyewe lilipitisha azimio 2023, likarudia 2024, kutaka hata Kerala iitwe Keralam, kama wenyeji wanavyotamka. Kijana aliona mlolongo huo akahitimisha kwamba wote ni ugonjwa mmoja na dawa ni moja.

Tatizo ni kwamba hakuuliza nani alianza kuuita mji ule Calicut.

Tuanze na mtu tunayemfahamu huku kwetu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa na Kilwa 1331, akatuachia maelezo ambayo hadi leo hakuna kitabu cha historia ya pwani kisichoyarudia. Yapata miaka kumi baadaye alifika Malabar, pwani ya Kerala hiyohiyo, na mji huo akauandika kwa herufi za Kiarabu: Qaliqut. Alikuta bandarini merikebu 13 za Kichina zikingoja msimu. Akasimulia habari za mfalme wa pale, ambaye wenyeji humwita Samoothiri na yeye akamwandika al-Samari, na za tajiri mmoja mwenye meli aitwaye nakhuda Mithqal. Hapo msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, maana nakhuda huyo ndiye nahodha wetu. Msikiti unaobeba jina lake, Mishkal, upo hadi leo mtaa wa Kuttichira, jengo la ghorofa la mbao lenye mapaa ya mteremko, bila kuba wala mnara.

Ibn Battuta mwenyewe hakutoka Qaliqut kwa raha. Alishuka nchi kavu kuswali Ijumaa, usiku bahari ikachafuka, merikebu aliyokuwa apande ikavunjika, na ile ndogo iliyobeba mizigo na watu wake ikatweka tanga ikaondoka bila yeye. Akabaki ufukweni na dinari kumi na zulia la kulalia. Mtu aliyepatwa na hayo hawezi kusahau mahali palipomkuta, na mahali hapo alipaita kwa jina lililokuwa vinywani mwa mabaharia wenzake.

Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya meli za Wareno kufika Malabar. Baada yake walikuja Wachina wa jemadari wa bahari Zheng He, kuanzia safari yake ya 1405, nao wakapaita Guli. Mwaka 1442 akaja Abd al-Razzaq, mjumbe kutoka Herat, naye akaandika lilelile la Waarabu. Wareno wanaingia mwishoni kabisa mwa foleni hii. Isitoshe, walifika na jina tayari mdomoni. Shajara iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwa ndani ya meli za da Gama inasema kwamba walipong'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili walikuwa wanaelekea mji uitwao Calecut. Walikuwa bado hawajatia mguu Malabar kuwasikia Wamalayalam, wenyeji wa Kerala, wakiutaja mji wao. Neno hilo lilikuwa la bahari nzima, kuanzia Aden hadi Malindi, na wao walilichukua kama walivyomchukua rubani.

Sasa, kwa nini Waarabu waliposikia Kozhikode wakatoa Qaliqut? Hapa ndipo kijana wangu angefurahi kama angeuliza badala ya kukata.

Hiyo "zh" unayoiona kwenye Kozhikode haina uhusiano wowote na z. Ni namna Wamalayalam walivyoamua kuiandika kwa herufi za Kilatini sauti yao moja ambayo lugha nyingi za dunia hazina. Unaikunja ncha ya ulimi nyuma, unaipeleka karibu na kaakaa bila kuigusa, kisha unaachia sauti. Mgeni akiisikia, leo ataapa ni r, kesho atasema ni l. Sauti hiyohiyo ndiyo ya mwisho katika jina la lugha jirani, Kitamil, na dunia nzima imekubaliana kuiandika kwa l bila mtu kulalamika kwamba l ile ni ya kikoloni. Hata kule Malabar kwenyewe, katika mazungumzo ya mtaani, wengi huilainisha ikawa y, ukasikia kitu kama Koyikkod. Na ile e ya mwisho usiitamke kama e ya "embe", kwani ni pumzi fupi tu ya kufungia neno. Kwa hiyo mjukuu wa mji anasema y, karani wa serikali anaandika zh, baharia wa Kiarabu alisikia l. Wote watatu wanataja jina moja.

Hapa lazima nimpe kijana haki yake. Tahajia ya "Calicut", yenye C mbele na u ya Kiingereza nyuma, ilisambazwa na Waingereza: ramani zao, mihuri yao ya posta, vibao vyao vya reli. Ukisema tahajia hiyo ina alama ya utawala, sitabisha. Na Wareno hawakuwa wageni wema mjini pale. Mwaka 1510 walivamia na kuuchoma msikiti wa Mishkal. Mji ulitendewa ubaya, tena mwingi. Ila jina halikuwa mojawapo ya vitu walivyoleta melini.

Na walivyoleta vilikuwa vichekesho. Orodha ya zawadi ambazo da Gama alimwandalia Samoothiri ipo katika shajara ileile: vitambaa 12 vya mistari, kofia sita, marijani, mabeseni sita ya kunawia, sukari, mafuta, asali. Maofisa wa mfalme walipoziona wakacheka. Wakamwambia mfanyabiashara maskini kuliko wote atokaye Makka huleta zaidi ya hapo. Mimi kinachonichekesha zaidi ni vile vitambaa 12. Mtu anapeleka majora ya nguo Calicut! Ni sawa na kupeleka nazi Mafia.

Maana jina lenyewe la mji lilikuja kuwa nguo. Waingereza waliita calico pamba iliyotoka huko, na Kiswahili kikapokea kaliko, ingawa dukani siku hizi hulisikii. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha kushonea foronya za ndani. Nikamuuliza dada wa dukani, "Kaliko ipo?" Akanitazama. "Kaliko ndiyo ipi, baba? Ya Dubai?" Nikamwambia ile nyeupe ya pamba, nzito kidogo, isiyotiwa rangi. "Aah, marekani!" Akashusha jora, akapima mita nne, akachana kwa mkono, ule mchano wa pamba unaolia trrr hadi mwisho bila kupinda. Nikageuza pindo la jora kusoma: limefumwa China.

Marekani ya China, na mimi na yule dada hatukuona ajabu yoyote. Kitambaa hicho kilipata jina baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, pale pamba ya viwanda vya Massachusetts ilipoanza kushushwa Unguja kwa mafungu. Viwanda vile vilikwisha kufa, jina likabaki dukani. Na kwa Calicut ilikuwa vilevile. Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku kaliko zilizochapwa maua, kwa sheria ya 1700 na ile kali zaidi ya 1721, sehemu kubwa ya nguo hizo ilikuwa inatoka Gujarat, pwani ya Koromandeli na Bengali, mbali kabisa na Malabar. Wafumaji wa London walikuwa wanalia juu ya bandari ambayo haikuwa tena na hatia. Nguo ikishapata jina la bandari, haiulizwi tena imepakiwa wapi.

Kuna na la kuku, ambalo siwezi kulipita. Kozhi kwa Kimalayalam ni kuku. Hadithi ya wenyeji inasema mfalme wa kale aliyekuwa akigawa nchi alimpa mtu wake wa mwisho ardhi ndogo tu, ile inayofikiwa na sauti ya jogoo akiwika kutoka hekalu la Tali, na ndiyo asili ya jina. Wanaisimu wengi hawaipendi hadithi hiyo. Wanaona neno limetokana na koyil, jumba la mfalme, likiunganishwa na neno la ngome. Mimi naelemea kwao, maana hadithi za majina zinazopendeza mno huwa zimetungwa baada ya jina. Ila tazama dunia inavyofanya mizaha: bata mzinga alipofika Ulaya kutoka Amerika, Waholanzi walidhani ametoka Calicut, wakamwita kuku wa Calicut, na leo kwao ni kalkoen. Wadenmaki wanasema kalkun, Waswidi kalkon, Wafini kalkkuna. Mji ambao labda ulipewa jina la jogoo ukaja kumpa jina ndege ambaye hakuwahi kuishi pale. Na hakuna Mfini anayeambiwa abadilishe ndege wake awe wa Kozhikode.

Turudi mjini leo, tuone wenyeji wenyewe wanafanyaje. Kijana alisema wamelifuta jina. Hawajalifuta. Manispaa ni ya Kozhikode, wilaya ni ya Kozhikode, na UNESCO ilipoutangaza mji huo Oktoba 2023 kuwa Mji wa Fasihi, wa kwanza India kupata heshima hiyo, iliutangaza kama Kozhikode. Lakini chuo kikuu cha eneo hilo, kilichoanzishwa 1968, bado kinaitwa Chuo Kikuu cha Calicut. Chuo cha uhandisi kilipopandishwa hadhi na kupewa jina jipya la taasisi ya taifa ya teknolojia mwaka 2002, miaka zaidi ya kumi baada ya serikali kubadili jina la mji, kilibaki na Calicut. Chuo cha menejimenti kilichozaliwa 1996 kikachagua Kozhikode. Vyuo viwili vya serikali kuu katika wilaya moja, kila kimoja na jina lake, na wahitimu wa pande zote mbili wanapata kazi Dubai. Kituo cha treni kimeandikwa Kozhikode kwa lugha tatu, huku alama yake kwenye tiketi ikiwa CLT.

Uwanja wa ndege ndio unaonifurahisha zaidi. Upo Karipur, wilaya jirani ya Malappuram; hata mjini penyewe haupo. Jina lake ni Calicut. Tarehe 7 Agosti 2020 ndege iliyotoka Dubai ilipotumbukia mwisho wa njia yake pale, vyombo vya habari vya dunia vilitumia majina yote mawili siku hiyohiyo, na nina hakika kuna wasomaji waliodhani ni ajali mbili. Ukiwa Muscat au Sharjah, mahali ambapo Waswahili na Wamalayalam wanafanya kazi duka kwa duka, muulize jamaa wa Malabar anatoka wapi. Akikuona mgeni atasema Calicut. Akipokea simu ya mama yake dakika hiyohiyo, utasikia lile lenye y.

Hili lisitushangaze sisi. Mtu wa Lamu akiwa kwao anasema Amu, na lahaja yake ni Kiamu. Hiyo L ya mbele tumeizoea kwenye ramani, na hatujawahi kusikia harakati za kuing'oa. Mombasa ni jina la ramani tangu al-Idrisi aliyeandika karne ya 12, lakini mashairi yanajua Mvita. Na Zanzibar je? Neno hilo ni la Waajemi na Waarabu waliokuwa wakitazama pwani ya Zanji kutoka nje. Kisiwani watu wanasema Unguja. Kijana wangu mwenyewe ni wa Makunduchi. Nilimwita, nikamwomba kitambulisho chake cha kazi, kile alichojaza kwa mkono wake siku ya kwanza. Pale penye "Unakotoka" kaandika Zanzibar. "Na ukipiga simu nyumbani kuuliza kama mvua imenyesha, unauliza mvua ya Zanzibar?" Akacheka, lakini hakukubali. "Zanzibar sisi wenyewe tumeichukua, Mzee," alisema. "Ni nchi yetu. Calicut wao hawakuichukua, waliwekewa."

Jibu zuri, na limenisumbua usiku mzima. Ninavyoona, mstari anaoutaka yeye, kati ya jina lililochukuliwa na jina lililowekwa, ni wa kweli kwa miji kama Salisbury, Harare ya leo, na Léopoldville, Kinshasa ya leo. Hapo mtu alikuja na jina la bwana wake akalipigilia juu ya mji wa watu, na kulibandua ilikuwa haki. Bombay ina ugomvi wake wa siasa ambao sitauingilia hapa. Calicut ni aina nyingine. Ni Kozhikode lilelile, limepita katika midomo ya watu waliokuja kununua pilipili manga na tangawizi, likatoka limeliwa pembe. Aliyelipokea kwanza hakuwa na bunduki, alikuwa na mizani.

Kwa hiyo kwenye dawati letu nimeweka utaratibu huu, na wenye dawati lao waweke wao. Tukiandika habari ya leo, mafuriko, uchaguzi, mpira, tamasha la vitabu, tunaandika Kozhikode, kwa sababu ndilo jina la mji kisheria na ndivyo wenyeji wanavyotaka uitwe. Tukiandika habari za biashara ya bahari, za Ibn Battuta, za Zheng He, za da Gama na rubani wa Malindi, tunaandika Calicut, na mara ya kwanza tunaongeza maneno matatu: "Kozhikode ya leo". Majina ya taasisi yanabaki kama taasisi zinavyojiita. Kumwandikia Vasco da Gama kwamba alikuwa anaelekea Kozhikode ni kumtia mdomoni neno ambalo shajara ya safari yake haina. Na kama tunabana sana, hata nanga hakuitia mjini. Jiwe la kumbukumbu lipo ufuko wa Kappad, kilomita 16 hivi kaskazini.

Kosa ninaloliogopa zaidi si hilo hata kidogo. Gazeti moja nililowahi kufanyia kazi lilichapa kwamba da Gama alifika Kalkuta. Nilikuwepo, na nakala ilipita mikononi mwangu. Kalkuta, ile Kolkata ya leo, ipo upande wa pili wa India, kwenye delta ya Ganga, na Waingereza walianza kujenga kituo chao pale 1690, karibu miaka 200 baada ya safari ile. Barua ya msomaji mmoja, mwalimu mstaafu, ilitufikia ikiwa na ramani aliyoichora kwa penseli. Tangu siku hiyo nikiona neno linaloanza na "Kal" na kuna meli ndani ya aya, nasimama.

Makala ilitoka Jumapili, Calicut ndani, Kozhikode kwenye maelezo ya picha ya lile jiwe la Kappad. Kijana aliridhika nusu. Jumatatu asubuhi akanipigia dada yetu mmoja wa redio. Anataka kuisoma makala hewani saa nne, anaomba nimfundishe Kozhikode inatamkwaje. Nikamweleza ulimi, nikamweleza kaakaa, nikamwambia isiwe z, isiwe r kamili. Akajaribu. Mara ya kwanza ikatoka Kozikode, ya pili Korikodi, ya tatu kitu kama Kolikodu. Tukacheka. Akasema ataendelea kujaribu akiwa njiani.

Saa nne nikafungua redio. Alisoma vizuri mno, na mara zote alisema Kalikuti.